Sarafu za Australia: uanzie kwenye peni au kwenye senti?

Tarehe 14 Februari 1966 Australia iliachana na pauni, shilingi na peni, ikahamia kwenye dola na senti. Kwa mkusanyaji wa sarafu, siku hiyo ndiyo mpaka. Nyuma yake kuna sarafu za kale zilizoanza kutolewa mwaka 1910: peni na nusu peni za bronzi, na za fedha ambazo ni peni tatu, peni sita, shilingi na florini, yaani shilingi mbili. Upande wa huku kuna sarafu za desimali, na nyingi kati ya hizo bado zinazunguka kwenye droo za maduka ya Sydney na Melbourne.

Anayeanza huuliza ashike upande upi, na mara nyingi hujibiwa "kusanya unazozipenda". Jibu hilo halimsaidii mtu ambaye bado hajaziona zote. Makundi haya mawili yana gharama tofauti na ugumu tofauti wa kutambua, na hata namna ya kupata hasara haifanani. Ninakoegemea nitasema mapema: anayeishi Australia aanze na senti, na aliye Mombasa, Bujumbura au Muscat aanze na peni.

Kilichomo kila upande

Upande wa desimali unaanza na sarafu sita za 1966, zote zimechorwa na Stuart Devlin, fundi wa vyombo vya dhahabu na fedha aliyezaliwa Geelong. Senti 1 ina kinyama kidogo chenye mkia kama unyoya, kinachoruka kutoka mti hadi mti. Senti 2 ina mjusi mwenye ngozi iliyotanda shingoni. Senti 5 ina ekidna, mnyama wa miba anayetaga mayai. Senti 10 ina ndege layabedi akiwa ametandaza mkia. Senti 20 ina platipasi ndani ya maji. Senti 50 ina nembo ya taifa, kangaruu na emu wakiwa wameishika ngao. Sarafu ya dola 1 ilikuja 1984 na kangaruu watano, ya dola 2 ikaja 1988. Hiyo ya dola 2 ni ndogo kuliko ya dola 1 (milimita 20.5 dhidi ya 25), jambo ambalo mgeni yeyote huligundua akiwa dukani na kushangaa. Mzee aliye juu yake mchoro wake ni wa Horst Hahne, na kwa kawaida huhusishwa na Gwoya Tjungurrayi, mtu wa jamii za asili za Australia ya kati aliyenusurika mauaji ya Coniston ya 1928. Senti 1 na senti 2 zilianza kuondolewa mwaka 1992.

Upande wa kale michoro ni michache, lakini watawala ni wengi. Edward VII yupo kwenye sarafu za fedha za 1910 tu. Baada yake kuna George V, George VI na Elizabeth II hadi 1964. Peni ya George V upande wa pili haina picha, ina maneno ndani ya duara, na wengi huiona imepooza mpaka wajue cha kutazama. Kangaruu anayeruka aliingia kwenye peni mwaka 1938 kwa mkono wa George Kruger Gray, ambaye herufi zake KG utazikuta chini ya mchoro. Mwaka huohuo shilingi ilipata kichwa cha kondoo dume wa merino, na peni tatu ikapata masuke ya ngano. Nusu peni ilichelewa mwaka mmoja, ndiyo maana zipo nusu peni za 1939 za aina mbili, za maneno na za kangaruu. Ya kangaruu ya mwaka huo ni adimu kuliko mwenzake.

Edward VIII hayupo kwenye sarafu yoyote iliyotumika Australia. Huku kwetu yupo: senti 5 na senti 10 zenye tundu za Afrika Mashariki za 1936 zina jina lake. Ukikuta moja kwenye kibweta cha bibi, umepata kitu ambacho mkusanyaji wa Australia hawezi kukipata kwenye chenji ya nchi yake mwenyewe.

Kutambua: uso wa mtawala dhidi ya herufi ndogo

Kwa desimali, kazi ya kwanza ni kumtazama malkia. Toka 1966 hadi 1984 ni msichana mwenye taji dogo, kazi ya Arnold Machin. Toka 1985 hadi 1998 amevaa taji kubwa zaidi, mkufu na hereni, kazi ya Raphael Maklouf. Kuanzia 1999 ni mama mtu mzima, na chini ya shingo kuna herufi IRB za Ian Rank-Broadley. Kuanzia 2019 ni wa Jody Clark. Charles III alianza kuonekana mwishoni mwa 2023, naye anatazama kushoto wakati mama yake alitazama kulia. Sarafu nyingi zenye mwaka 2023 bado zina uso wa Elizabeth, ila zimeongezewa miaka ya utawala wake, 1952 hadi 2022. Kuna pia uso mmoja wa kando: senti 50 ya ziara ya malkia ya mwaka 2000 ilipewa kichwa kilichochongwa na Vladimir Gottwald.

Ukishika nyuso hizo, pamoja na ukweli kwamba mwaka umeandikwa wazi, umemaliza sehemu kubwa ya kazi. Mtoto wa miaka minane ataweza.

Upande wa kale mwaka pekee hautoshi. Lazima ujue sarafu imegongwa wapi, kwa sababu Australia ilihangaika sana kupata viwanda vya kutosha, hasa nyakati za vita. Sarafu za mwanzo ziligongwa Uingereza. Herufi H ni ya kiwanda cha Heaton, Birmingham. Herufi I kwenye peni za 1916 hadi 1918 ni ya Calcutta, lakini I hiyohiyo kwenye peni za 1942 na 1943 ni ya Bombay. Herufi D kwenye peni tatu na peni sita za miaka ya vita ni ya Denver. Herufi S kwenye sarafu za fedha za wakati huo ni ya San Francisco, ilhali S kwenye sarafu ya dhahabu ya pauni ni ya Sydney. Herufi PL za mwaka 1951 ni za London. Perth ilitumia nukta tu: kwa miaka mingi nukta ilikaa baada ya neno PENNY, na kuanzia 1952 ikahamia baada ya neno AUSTRALIA. Unaweza kuwa na peni mbili za mwaka mmoja, moja ya Melbourne na nyingine ya Perth, na kinachozitofautisha ni kitone kisichozidi kichwa cha pini.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana faida asiyoijua hapa. H na I utazikuta pia kwenye sarafu za kikoloni za Afrika Mashariki, maana viwanda vya Birmingham na Bombay vilitugongea sisi pia. Aliyezoea kutafuta H chini ya tundu la senti kumi, jicho lake limeshafundishwa nusu ya kazi.

Na habari ya sarafu za Australia huwezi kuipita bila kuitaja Kilwa. Mwaka 1944 mwanajeshi Maurie Isenberg aliokota sarafu tisa kwenye mchanga wa kisiwa cha Marchinbar, visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa ya Australia. Alizihifadhi miaka mingi bila kujua ni nini, mpaka alipozipeleka kwenye jumba la makumbusho mwaka 1979. Nne zilikuwa za Kiholanzi. Tano zilikuwa vipande vya shaba vya masultani wa Kilwa. Vilifikaje huko, wataalamu bado wanabishana. Kwenye soko la sarafu za Australia hutazikuta, na wala hazimo katika uchaguzi tunaoujadili. Ila ni sarafu zetu, na zilitambuliwa kwa njia ileile ya kusoma maandishi badala ya kukisia kwa rangi na umri.

Tofauti ndogo: wapi jicho linalipwa

Hapa ndipo watu hunogewa, na hapa ndipo pande hizi mbili zinapoachana kabisa.

Kwenye desimali tofauti kubwa ni chache, na zinaelezeka kwa sentensi moja moja. Senti 20 ya 1966: sehemu ndogo ya zilizogongwa London ina namba 2 ambayo mstari wake wa chini umepinda kama wimbi badala ya kunyooka. Senti 50 ya milenia ya mwaka 2000: kwa kawaida misalaba ya bendera ndogo ya Uingereza imeinuka juu, na kwenye aina adimu imezama ndani. Ipitishe kidole kisha uiinamishe kwenye mwanga, utaona.

Maarufu kuliko zote ni dola 1 ya mwaka 2000. Kiwandani mtu alifunga muhuri wa kichwa wa senti 10, yaani chuma kinachogonga uso wa malkia, kwenye mashine ya dola 1. Senti 10 ina kipenyo cha milimita 23.6 na dola ina 25, kwa hiyo muhuri haukujaza sarafu, ukaacha pete mbili kuzunguka upande wa malkia. Nyingi ziliibuka Perth. Zilikaa mifukoni mwa watu bila kutambuliwa, wakanunulia maziwa na mkate. Leo iliyothibitishwa huuzwa kwa mamia ya dola, na iliyo nzuri sana hufika maelfu. Tahadhari ni moja: pete mbili zinapaswa kuonekana kwa mzunguko wote au karibu wote. Dola ya kawaida iliyogongwa ikiwa imesogea kidogo huonyesha ukingo mnene upande mmoja, na hiyo ndiyo wanayouziwa wenye haraka.

Kwenye sarafu za kale tofauti hazihesabiki kirahisi. Chukua peni za 1919 na 1920 peke yake. Baadhi zina nukta juu ya mstari wa juu wa mchoro, baadhi chini ya mstari wa chini, baadhi sehemu zote mbili, na baadhi hazina kabisa. Kisha mihuri ya George V ilitoka vyanzo viwili, na wakusanyaji huitofautisha kwa kutazama herufi N ya mwisho katika OMN, kifupi cha Kilatini kilichopo upande wa mfalme: mguu wake umeelekea wapi kati ya vitone vidogo vya ukingoni. Bila lenzi ya kukuza mara kumi usijisumbue. Nawajua watu wanaofurahia jambo hili kuliko kula. Mimi hunichosha baada ya saa moja, lakini siwezi kukataa kwamba kina chake hakilingani na cha desimali.

Kuna pia suala la hali ya sarafu, ambalo kwa George V lina kipimo chake. Ukanda wa katikati wa taji lake una lulu nane na almasi katikati. Unahesabu lulu zinazoonekana. Lulu zote nane na almasi ikiwa safi, sarafu ni nzuri sana. Zikiwa hazionekani kabisa, imelika. Bei ya peni ya mwaka mmoja inaweza kupanda mara kumi kati ya hali hizo mbili. Desimali haina kipimo rahisi kama hicho, na sarafu iliyotoka kwenye chenji mara nyingi haivuki thamani iliyoandikwa juu yake hata ikiwa nadhifu.

Fedha halisi ndani yake

Ukitaka madini, desimali ina sarafu moja tu ya matumizi: senti 50 ya duara ya 1966. Ina uzito wa gramu 13.28, na asilimia 80 ni fedha. Bei ya fedha ilipanda hadi madini yakazidi senti 50 zenyewe, watu wakazificha, na mwaka 1969 ikaja senti 50 yenye pembe 12 isiyo na fedha kabisa. Ziligongwa zaidi ya milioni 36, hivyo si adimu. Unazinunua kwa bei ya madini na nyongeza kidogo.

Sarafu za fedha za kale zina asilimia 92.5 hadi katikati ya miaka ya 1940, kisha zikashushwa hadi asilimia 50 kuanzia 1946 (peni tatu ilichelewa hadi 1947). Florini moja ya zamani ina karibu gramu 10.5 za fedha safi, karibu sawa na senti 50 ya duara. Kwa kulinganisha, shilingi ya simba ya Afrika Mashariki ilikuwa na asilimia 25 tu, na baada ya vita haikuwa na kitu.

Hasara zinakotoka

Kwenye desimali hasara kubwa haipo, alimradi unatoa sarafu kwenye chenji. Ukichoka unazirudisha dukani na kununulia mkate. Hata senti 1 na 2 bado ni pesa halali, benki inazipokea.

Kwenye sarafu za kale hatari ni tatu. Ya kwanza ni feki. Peni ya 1930 ndiyo malkia wa sarafu za nchi ile: wakati wa mdororo mkuu wa uchumi peni mpya hazikuhitajika, na inakadiriwa zilitoka 1,500 hivi huko Melbourne. Iliyochakaa kabisa inauzwa kwa makumi ya maelfu ya dola, ndiyo maana wajanja hukwangua namba ya mwisho ya peni ya mwaka mwingine na kuigeuza sifuri. Nusu peni ya 1923, inayokadiriwa kuwa 15,000 hivi, hutengenezewa ujanja huohuo. Peni ya 1946, florini ya 1932 na shilingi ya 1933 nazo uzinunue kwa mtu mwenye duka na jina, si kwa picha yenye ukungu.

Ya pili ni kusafisha. Peni ya bronzi yenye rangi ya chokoleti ni nzuri kuliko ile iliyosuguliwa ikang'aa kama waya mpya. Usiguse kwa limau, majivu, dawa ya meno wala soda. Bei hushuka palepale, na mwenye jicho huona mikwaruzo hata baada ya miaka hamsini.

Ya tatu ni plastiki laini za bei rahisi, ambazo baada ya muda huacha utando wa kijani kwenye shaba. Tumia vikasha vya karatasi ngumu.

Sumaku nayo ipo mfukoni mwa mnunuzi mwenye busara: sarafu za Australia za matumizi hazivutwi na sumaku, ziwe za kale au za sasa. Ikinasa, rudisha.

Vipi kuhusu za rangi na za pakiti?

Kuna kundi la tatu ambalo wauzaji hulisukuma sana, nami silihesabu kuwa mwanzo mzuri. Kiwanda cha serikali cha Canberra na kile cha Perth hutoa kila mwaka sarafu nyingi zilizofungwa vizuri kwenye kadi, ambazo hazikukusudiwa kununulia kitu. Ni nzuri machoni. Unazinunua kwa bei ya juu kuliko thamani yake, na nyingi ukirudi kuziuza unapata pungufu ya ulichotoa.

Za rangi zinazoingia kwenye matumizi ni jambo jingine. Ya kwanza ilikuwa dola 2 ya 2012 yenye ua jekundu la kumbukumbu ya vita, nusu milioni hivi. Mchoro huohuo ulitoka pia bila rangi, kwa wingi zaidi. Kwa hiyo wapo wanaoipaka rangi isiyo na rangi, na kwa upande mwingine zipo za kweli ambazo rangi imekwanguka mifukoni. Alama ndogo ya C ya Canberra ni ya kutafutwa kwanza. Ikifuatiwa na ya zambarau ya 2013 na ya kijani ya 2014, kundi hili linaweza kukamilishwa kwenye chenji kwa subira, ila usitarajie sarafu safi.

Nani achukue nini

Uko Australia, una watoto, huna hela ya kuchezea: desimali. Wape kazi ya mwaka 2001, miaka mia ya shirikisho, ambapo kila jimbo na eneo lilipata senti 20 na senti 50 yake, kikiwemo kisiwa kidogo cha Norfolk. Ni sarafu kumi na nane, zote za chenji. Watakuwa wamejifunza ramani ya nchi kabla hawajazimaliza. Wewe mwenyewe kagua kila dola 1 ya mwaka 2000 inayopita mkononi.

Uko Afrika Mashariki au Ghuba: chenji ya Australia haikufikii, na kulipia usafirishaji wa senti 20 ya kawaida ni kutupa pesa. Nunua peni za kangaruu za 1938 hadi 1964 kwa fungu. Zinauzwa kwa uzito au kwa makumi, na moja moja hugharimu kama kikombe cha chai au pungufu. Jaza kwanza miaka, kisha viwanda: nukta za Perth, I ya Bombay, PL ya London. Acha 1946 iwe ya mwisho, ndiyo itakayokugharimu.

Unatafuta akiba ya madini: florini za kabla ya 1946 na senti 50 za duara, zilizochakaa, kwa bei ya fedha ya siku hiyo. Mwaka usiutazame.

Una jicho la subira, lenzi na taa nzuri, na huoni tabu kuhesabu lulu za taji usiku mzima: George V, peni, 1911 hadi 1936. Anza na za miaka ya 1920 za kawaida, uzizoee mihuri yake, na peni ya 1930 uitazame kwenye jumba la makumbusho.